Mtazamo Hausukumi Baiskeli

Kijana wangu wa pili aliniletea tiketi ya semina, kisha akanidai pesa yake. Shilingi 50,000 za Uganda. Kwa hesabu ya jiko langu hiyo ni nyama ya wiki mbili, mradi kila mtu ale kwa adabu. Juu ya tiketi wameandika kwa herufi za dhahabu: "Badili Mtazamo, Badili Maisha." Nikamuuliza kwa nini anichague mimi katika nyumba yenye watu tisa. Akajibu bila kupepesa macho, "Baba, wewe unalalamika sana." Mtu anaandika safu ya malalamiko kila wiki, na ada ya shule inatoka humohumo, halafu mwanawe anamshitaki kwa kulalamika! Ni kama kumlaumu mvuvi kwa kunuka samaki.

Nilikwenda kwa sababu pesa ilikuwa imeshatoka. Ukumbi wenyewe uko hapahapa Busia, upande wa Uganda. Viti vya plastiki vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe nyuma, kama bibi harusi aliyechoka kusubiri. Semina ya saa tatu ilianza saa tano. Mhamasishaji aliingia na suruali iliyombana hivi kwamba nusu saa ya kwanza nilihofia mishono yake kuliko maisha yangu.

"Usiseme tatizo," akaagiza. "Sema changamoto."

Tukasema changamoto.

"Na changamoto ni nini?"

Kimya.

"Ni fursa!"

Umeme ukakatika palepale. Fursa ya kwanza ya siku ikawa imetufikia, tukakaa nayo kwenye joto, feni zimesimama, hadi saa saba.

Maikrofoni ilipozimika yeye hakuzimika. Akapaza sauti kutueleza habari za tai na kuku. Kuku, akasema, haoni mbali, maisha yake yote anakwangura chini. Tai hupaa juu ya dhoruba. Akatutaka tusimame, tunyooshe mikono, kila mmoja amwambie jirani yake, "Mimi ni tai." Jirani yangu alikuwa mama mmoja muuza vitunguu. Nikanyoosha mikono. Akanitazama kuanzia upara hadi kandambili, akasema kwa upole, "Wewe mzee, kaa tu."

Nikakaa. Ila kuhusu kuku sikukubali, na mpaka leo sijakubali. Kuku namjua. Nimeishi naye, amenilisha, amenisomeshea watoto. Tai hajawahi kuniletea trei moja ya mayai.

Maana nilikuwa mfanyabiashara wa mayai mimi. Nilizaliwa Sop Sop, wilaya ya Tororo, kwetu sisi kabila la Jopadhola, na ndugu zangu wa huko wanafuga. Nilikuwa nakusanya mayai, nayaleta Busia, nayavusha upande wa Kenya ambako mayai ya Uganda yalikuwa yakigombaniwa kwa sababu ya bei. Biashara ilikuwa tamu. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ikaonekana kwenye ndege wa porini kule ufukoni mwa Ziwa Viktoria, upande wetu. Siku chache baadaye ikatangazwa marufuku: kuku wa Uganda na mayai yake hayaingii Kenya. Siku hiyo nilikuwa na trei 40 sebuleni. Trei moja ni mayai 30, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, mimi nikipiga naumia kifua.

Basi nikawa na mayai 1,200 na mtazamo chanya. Nikamwambia mama watoto tusikate tamaa, tutayauza upande huuhuu. Kumbe kila aliyekuwa na mayai alikuwa na wazo hilohilo. Tulikula mayai ya kuchemsha, ya kukaanga, yaliyoviringishwa kwenye chapati. Wiki ya pili watoto walikuwa wakisikia kuku analia kwa jirani wanakimbilia ndani. Nimesikia watu wakisema mvumilivu hula mbivu. Mimi nilivumilia mpaka zikaanza kunuka.

Na hiyo ni dhiki moja tu. Nikaingia kwenye kubadilisha pesa, kusimama pale mpakani na bunda la shilingi za huku na bunda la shilingi za kule, nikiita wasafiri. Machi 2020 korona ikafunga mpaka kwa abiria. Yakabaki malori ya mizigo peke yake, yamepanga foleni ya kilomita na kilomita yakisubiri madereva wapimwe, na dereva wa lori lililosimama siku tano habadilishi pesa, anabadilisha ubavu wa kulalia. Nikala akiba, akiba ikaisha, nikala bunda lenyewe.

Ndiyo maana mhamasishaji aliposema dhiki hukuza mtu, nilijipima. Nimepitia dhiki mbili rasmi na nyingine ndogondogo za nyumbani. Sikuona nilipokua, isipokuwa tumboni, na hapo nadhani ni yale mayai.

Jioni nilikwenda kwa mjomba kumlalamikia, kwa kuwa nyumbani wamenichoka. Mjomba, ndugu wa mama yangu, amevuka miaka 70 na goti lake la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Huyu ndiye mtu ambaye mhamasishaji angemweka jukwaani kama angemjua, kwa sababu mjomba alikuwa bodaboda. Simaanishi hawa wa pikipiki wanaokupigia honi ukiwa umelala. Alikuwa wa baiskeli, wa zamani, wa hapahapa lilikozaliwa jina lenyewe.

Kwa msomaji wa mbali, anayedhani bodaboda ilianzia Kampala au Nairobi: ilianza hapa Busia, miaka ya 60 na 70. Lango la Uganda na lango la Kenya hapa kwetu hayakugusana. Katikati palikuwa na kipande cha barabara kisichokuwa cha mtu, zaidi ya nusu maili. Basi linakushusha lango hili, na basi lingine linakusubiri lango lile. Gari likitaka kuvuka linadaiwa makaratasi ya kujaza kichwa. Baiskeli haidaiwi karatasi. Vijana wakashona sponji juu ya keria, wakasimama langoni wakiita kwa Kiingereza cha kuokota, "Boda! Boda!", yaani nakupeleka mpaka ule mwingine.

"Mjomba," nikamuuliza, "wakati ule mlikuwa na mtazamo gani?"

Akafikiri. Mjomba hufikiri akiwa anasugua goti.

"Mimi nilikuwa natazama viatu."

Nikadhani hakunisikia.

"Viatu, mpwa. Basi la Kisumu likiingia, vijana wenzangu wanakimbilia mlangoni wanapiga kelele. Mimi nasimama pembeni, natazama watu wanavyoshuka. Mwenye kandambili atatembea, huyo usimpotezee muda. Mwenye viatu vya kisigino, au mwenye viatu vipya vinavyombana, huyo hatembei nusu maili. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi, huyo ni wako hata kabla hajajua. Na mvua ikinyesha, kila mtu ni wako, lakini matope nayo ni yako."

Kisha akanieleza ile baiskeli, nayo bado ipo, imeegemea mwembe nyuma ya nyumba yake. Nyeusi, nzito, chuma tupu, gia yake ni moja na ilikuwa miguu ya mjomba. Keria aliipelekea fundi aipanue na kuichomelea vyuma viwili vya kukanyagia, ili mama wa mjini asiburuze viatu. Sponji aliikata kutoka godoro la ndugu yake bila ndugu kuambiwa. Juu akashona kitambaa chekundu chenye nyuzinyuzi zinazoning'inia, kwa maana, anasema, abiria akishaona pazuri pa kukalia hasumbui sana kuhusu bei. Nauli ya mtu ilikuwa moja, nauli ya mzigo nyingine, na mzigo uliofichwa chini ya sketi ulikuwa na bei yake ya tatu ambayo haikuzungumzwa kwa sauti.

Miaka ile mizigo ya kufichwa haikukosekana. Amin alishawafukuza Wahindi mwaka 1972, maduka yakagawiwa watu waliouza bidhaa zilizokuwepo wasijue pa kuagiza nyingine, na baada ya muda mfupi Uganda ikawa inaota sabuni. Chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya taa, vyote vikawa vinatoka ng'ambo kwa magendo. Kahawa ikaenda njia ya pili. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni kule Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mwaka 1976 na 1977 magunia ya kahawa ya Uganda yakawa yanavuka usiku kwenda Chepkube, upande wa Bungoma. Soko dogo la mpakani likatajirisha watu hata wakaanza kununua vitu wasivyojua matumizi yake. Mjomba hakwenda Chepkube. Alikuwa na rafiki aliyekwenda mara tatu na kurudi mara mbili.

Hapo ndipo kitu kilinigonga, na nakiandika hapa bure ingawa mimi nililipishwa 50,000. Mbrazili alipata dhiki, aliyetajirika ni mtu wa Chepkube. Msafiri alibanwa na viatu, aliyekula ni mjomba. Mayai yangu yalipozuiwa mwaka 2017, wafugaji wa upande wa pili waliokuwa wakilia kwamba mayai ya Uganda yanawaua, naamini walichinja jogoo siku hiyo. Dhiki ina fursa ndani yake kweli, sikatai. Ila fursa huwa ni ya mtu mwingine. Dhiki yako mwenyewe haikuachii kitu zaidi ya goti la kutabiri mvua. Inayojenga nyumba ni dhiki ya jirani, tena jirani mwenye pesa ya kulipa ili aondokewe nayo.

Na mhamasishaji analijua hili vizuri kuliko sisi. Tulikuwa watu kama 80 pale ukumbini, kila mmoja na dhiki yake, kila mmoja na 50,000 yake.

Nilimweleza mjomba ugunduzi wangu. Akatikisa kichwa, akasema nimesahau pikipiki. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, zile zenye injini chini ya cc 250, na pikipiki zikamwagika kama kumbikumbi baada ya mvua. Mjomba alikuwa bado anaamka saa kumi na moja, bado anatazama viatu, bado anapangusa kile kiti chekundu kila asubuhi. Abiria wakawa wanamsalimu kwa heshima zote, "Habari mzee," huku wanapanda pikipiki. "Mtazamo wangu ulikuwa uleule," akasema. "Injini ndiyo sikuwa nayo." Wenzake wa kile kijiwe anawakumbuka kwa majina. Mmoja ana nyumba ya mabati ya rangi huko Sofia, hapahapa Busia, na huyo ndiye watu humtaja wakisema bidii inalipa. Wengine kumi na zaidi walirudi vijijini na rimu zilizopinda. Nao walikuwa wanaamka saa kumi na moja.

Kesho yake nilivuka kwenda upande wa Kenya kutafuta wino wa printa. Siku hizi kuvuka ni raha kidogo. Tangu Februari 2018, marais wawili walipokuja kufungua kituo cha pamoja, unakaguliwa mara moja tu, ng'ambo unakoingia, badala ya kupanga foleni mbili na kutukanwa kwa lugha mbili. Mbele yangu kulikuwa na mmoja wa wale jamaa zetu wa baiskeli za magurudumu matatu. Aliyewahi kufika Busia anawajua. Ni watu wasioweza kutembea, wengi kwa sababu ya polio ya utotoni, na kwa miaka mingi ndio walikuwa malori madogo ya mpaka huu. Pedali ziko juu, mbele ya kifua, zinazungushwa kwa mikono. Chini ya kiti na nyuma yake kuna nafasi ya katoni, madumu ya mafuta, magunia, na kijana mmoja wa kusukuma mlimani. Huyu wa mbele yangu alikuwa na mabega ya mtu wa ngumi. Viganjani amejifunga vipande vya tyubu, na mzigo umefunikwa turubai na kukazwa kwa kamba za raba.

Nikiwa bado na moto wa semina, nikasogea kando yake nikamwambia kwa sauti ya kutia moyo, "Ndugu, ulemavu si kushindwa."

"Mzee, sogea," akasema. "Breki haishiki."

Ikanipita juu ya kidole. Kandambili yangu ya kushoto ikakatika. Aliposimama mbele kidogo alinisubiri, akaniomba radhi kwa adabu sana, tukanunua chai kwa mama wa pembeni, nikalipa mimi kwa kuwa yeye ndiye mwathiriwa wa hotuba yangu.

Alinieleza kazi yao ilivyokuwa. Maofisa wa forodha walikuwa wakiwaachia wapite bila ushuru. Si sheria iliyosema hivyo. Ni aibu tu. Nani atamsimamisha mtu asiye na miguu, ampekue mbele ya umati, amtoze? Wafanyabiashara wenye miguu yao miwili wakaligundua hilo. Wakawa wanawaletea walemavu mizigo yao wawavushie kwa malipo. "Watu walikuwa wananionea huruma," akasema akipuliza chai. "Nikaona huruma hailiki. Nikaitoza nauli."

Nikamwambia hiyo ndiyo akili, huo ndio mtazamo. Akaniuliza mtazamo ni nini. Nikamweleza kuhusu tai. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba wao walianzisha chama, wakawa wanasimama pamoja, wakizuiwa mmoja wanaziba barabara wote, baiskeli 20, 30, hadi ofisa atoke nje. Tai, kwa anavyojua yeye, huruka peke yake.

Siku hizi mzigo umepungua. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na bidhaa za Kenya kuingia Uganda zikawa zinapunguziwa ushuru kidogokidogo mpaka ukaisha mwaka 2010. Sasa mama wa sokoni mwenye bidhaa za nchi hizi, zisizozidi thamani ya dola 2,000, anajaziwa karatasi moja mpakani na kupita mchana kweupe. Ni jambo jema, nimelisifu mwenyewe katika safu hii. Ila ushuru ukifa, na yule aliyekuwa anaishi kwa kuukwepesha lazima atafute msiba mwingine. Nilimuuliza anafanya nini sasa. Anabeba vya haraka, akasema, vya watu wasiopenda foleni. Akaangalia kandambili yangu iliyokatika, akaangalia mwendo uliobaki hadi duka la wino.

"Nikupeleke, mzee? Mia moja ya Kenya."

Nikapanda juu ya turubai. Nilikalia kitu kama katoni za sabuni, kijana akisukuma, mwenye chombo akizungusha, watu wa Busia wote wakiniangalia mimi mwenye miguu miwili nimebebwa na asiyeitumia yake. Mama muuza vitunguu alikuwa pale kando ya barabara na magunia yake. Aliniona. Akanyoosha mikono yote miwili kama mabawa, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia.

Nyumbani kijana wangu aliniuliza nimejifunza nini kwenye semina. Nikamwonyesha cheti. Ni kizuri, kina nembo ya tai, karatasi nzito, na mbele ya jina langu wameandika "Bi." Nimewapigia simu mara tatu warekebishe. Mara ya tatu wameniambia marekebisho ni shilingi 20,000, na kwamba kosa hilo nilichukue kama fursa.

Kwa hiyo natangaza hapa. Ninauza cheti cha semina ya mtazamo, kimetumika mara moja, kinamfaa zaidi mwanamke mwenye jina kama langu. Bei ni trei nne za mayai. Nipo kila jioni kwa mjomba, chini ya mwembe, karibu na ile baiskeli nyeusi, na baiskeli yenyewe haiuzwi.